Chakula cha Babu na Chakula cha Mjukuu katika Karatu na Ngorongoro

Ni desturi ya wazee wa kila kabila kuamini kwamba chakula walichokula wao katika ujana wao kilikuwa bora kuliko chakula cha wajukuu zao. Mzee huutazama mkono wa kijana, akaupima kwa jicho, kisha akasema kwamba zamani watu walikuwa watu. Kijana husikiliza kwa adabu, lakini moyoni mwake huona kuwa chakula cha babu yake kilikuwa chakula cha watu wasiojua kingine. Wawili hawa hubishana juu ya mengi, ila jambo moja hulikubali wote bila kulichungua: kwamba mtu hula akipendacho, na kwamba akibadili chakula ni kwa sababu amebadili moyo. Habari za nchi ya Karatu na Ngorongoro zaonyesha kuwa jambo hilo ni kweli nusu. Huko chakula kimebadilika mara nyingi katika muda wa vizazi vinne au vitano. Na aghalabu ugonjwa wa ng'ombe, mpaka wa ardhi na maneno ya sheria vilitangulia, na mapenzi ya ulimi yakafuata nyuma.

Nchi zenyewe ni jirani. Ngorongoro ni nyanda za juu zenye baridi na ukungu, na katikati yake imo kasoko kubwa ya mlima wa moto uliokwisha kuzimika. Magharibi yake nchi hushuka mpaka tambarare za majani mafupi zinazoungana na Serengeti. Karatu iko upande wa kusini-mashariki, ni nchi ya mashamba yenye udongo mzuri uliotokana na majivu ya milima hiyo hiyo. Upande mmja wa mpaka wakaao wengi ni Wamasai, wafugaji. Upande wa pili wakaao wengi ni Wairaqw, ambao Waswahili huwaita Wambulu, nao ni wakulima wenye mifugo. Kusini, penye Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao tangu zamani wameishi kwa mizizi, asali, matunda ya porini na nyama ya kuwinda.

Mtu asidhani kwamba mgawanyo huu ni wa tangu kuumbwa kwa dunia. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Karatu, yako magofu ya Engaruka. Huko, baina ya karne ya 15 na ya 18, watu walichimba mifereji, wakapanga mawe kuzuia udongo, wakalima mtama kwa maji yaliyotoka katika milima ya Ngorongoro. Watu hao walitoweka, na mashamba yao yakawa malisho. Nyanda za Ngorongoro nazo zilikuwa za Watatoga kabla Wamasai hawajazitwaa katika karne ya 19. Jembe na fimbo ya mchungaji zimepokezana nchi hii zaidi ya mara moja.

Wamasai walipokwisha kuwa wenye nchi, chakula chao cha sifa kilikuwa maziwa, nyama na damu. Chakula hicho kilikuwa na sheria zake. Maziwa na nyama havikuliwa pamoja siku moja. Moran hakula nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa, wala hakunywa maziwa peke yake bila wenzake. Magome ya miti ya dawa yalichemshwa katika supu ya nyama. Kula nafaka kulihesabiwa kuwa ni mambo ya watu wanaochimba ardhi, na kuichimba ardhi kulihesabiwa kuwa ni kuidhuru ngozi ya malisho. Lakini sifa ni jambo moja na maisha ni jambo jingine. Wakati wa kiangazi, maziwa yalipopungua, wanawake wa Kimasai walikwenda kwa jirani zao wakulima kubadilishana ngozi na maziwa kwa nafaka, hata nyakati ambapo wanaume wa pande mbili walikuwa na uadui. Basi nafaka ilikuwamo nyumbani tangu zamani. Ila iliingia kwa mlango wa nyuma, mkononi mwa mama, wala haikutajwa katika majivuno.

Msiba mkubwa ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1890. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotoka kaskazini, uliua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Afrika ya Mashariki. Ndui ikafuata, ikaua watu. Wamasai waliita wakati huo Emutai, yaani wa kumalizika kabisa. Mwaka wa 1892 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro akawakuta watu wenye njaa waliobaki mifupa, wakila ngozi, mifupa na hata pembe za ng'ombe waliokufa. Miiko yote ya chakula iliyolindwa kwa vizazi ilivunjwa na tumbo. Wengi walikimbilia kwa wakulima, wakala nafaka na wakajifunza jembe. Mifugo iliporudi baada ya miaka, wengi walirudi katika maziwa, na miiko ikasimama tena. Funzo la msiba huo ni kwamba chakula cha sifa husimama juu ya mali inayokiwezesha. Mali ikianguka, sifa haishibishi.

Anguko la Wamasai lilifungua njia kwa Wairaqw. Kabla ya hapo walikuwa wamesongamana katika milima ya Mbulu, wakilima mtama na uwele, wakitia mbolea ya ng'ombe mashambani, kwa kuwa nchi tambarare ilikuwa na hatari ya mikuki. Katika karne ya 20, chini ya utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza, walienea kaskazini mpaka Karatu. Huko Oldeani walowezi wa Kizungu walifungua mashamba ya kahawa na ngano, na vibarua wa mashamba ya namna hiyo walipewa posho ya unga wa mahindi. Mahindi yalikuwa na faida nyingine pia: punje zake zimefunikwa na maganda, wala hazihitaji kulindwa sana kama mtama. Palipokuwa na shule, watoto waliokuwa wakiamia ndege shambani walikwenda darasani, na mtama ukapoteza walinzi wake. Hivyo ugali wa mtama ulimwachia nafasi ugali wa mahindi bila baraza lolote kuamua. Baada ya mwaka wa 1945 baadhi ya Wairaqw wa Karatu walianza kulima ngano kwa trekta. Lakini ngano ilikuwa zao la kuuza kabla ya kuwa chakula cha nyumbani.

Wakati huo huo wataalamu wa tiba walianza kuuliza nini chakula bora. Mwaka wa 1931 John Boyd Orr na John Gilks walitangaza uchunguzi wao juu ya Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Waliona kuwa Wamasai, wenye maziwa na nyama, walikuwa warefu na wazito kupita jirani zao waliokula nafaka na mizizi. Ila waliona pia kuwa kila upande una maradhi yake. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanganyika, akastaajabu kuwa watu waliokunywa maziwa mengi namna ile walikuwa na kolesteroli kidogo katika damu, na maradhi ya moyo kwao yalikuwa haba. Uchunguzi wake wa mwaka wa 1972 juu ya maiti ulionyesha kuwa mafuta yalikuwamo katika mishipa yao, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka. Naye akadhani sababu ni mwendo mrefu wa kila siku. Ubora wa chakula, basi, haukuwa katika kibuyu peke yake. Ulikuwa pia katika miguu iliyotembea nyuma ya ng'ombe, na katika nchi iliyokuwa na nafasi ya kutembea.

Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikipunguzwa miaka ile ile. Mwaka wa 1959 Serengeti ilitengwa iwe ya wanyama, na Wamasai waliokaa humo wakahamia Ngorongoro, iliyofanywa eneo la hifadhi ambamo watu, mifugo na wanyama wa mwitu wangeishi pamoja. Wakazi wa Ngorongoro wakati huo walikuwa kama 8,000. Kisha likatokea jambo ambalo wachache walilitazamia. Chanjo ya ng'ombe iliitokomeza sotoka katika nchi ile, na nyumbu, ambao nao walikuwa wakifa kwa sotoka, wakaongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata kupita 1,000,000 katika miaka ya 1970. Ndama wa nyumbu wana ugonjwa ambao hauwadhuru wao, lakini huua ng'ombe. Kwa hiyo nyumbu wanapozaa katika tambarare za majani mafupi, mchungaji hana budi kuwaondoa ng'ombe wake katika malisho bora ya mwaka mzima na kuwapandisha milimani kwenye kupe na maradhi mengine. Sotoka ilipokuja iliwanyima Wamasai maziwa; ilipoondoka iliwapunguzia tena, kwa njia nyingine.

Mwaka wa 1974 Wamasai waliokaa ndani ya kasoko waliondolewa, na mwaka wa 1975 sheria ilikataza kilimo katika eneo lote la hifadhi. Miaka hiyo Tanzania nzima ilikuwa katika upungufu wa chakula. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa imeundwa mwaka wa 1973, na mwaka wa 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilitangazwa redioni, ikiwafundisha watu wa vijijini kulima na kula vyakula vya namna mbalimbali. Mafundisho yalikuwa mema. Lakini mtu wa Ngorongoro aliyeyatii na kupanda maharagwe na mboga kando ya boma lake alikuwa mvunja sheria. Na mtu wa Karatu, mwendo mfupi kutoka lango la Lodoare, aliyefanya hayo hayo alikuwa raia mwema. Mwaka wa 1992 serikali iliruhusu tena vishamba vya jembe la mkono. Mwaka wa 2009 vikakatazwa tena. Katikati ya ruhusa na katazo hilo kimekua kizazi kizima ambacho chakula chake cha kila siku ni mahindi.

Idadi ya watu wa Ngorongoro ilifika zaidi ya 90,000 katika mwaka wa 2017, wala ng'ombe hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Mgao wa maziwa kwa kila mtu ulipungua sana. Mfugaji huuza mnyama ili anunue nafaka, na nafaka nyingi hupanda mlima kutoka Karatu. Uji na ugali, vilivyoingia zamani kwa mlango wa nyuma, sasa vimekaa katikati ya nyumba, na chai ya sukari imechukua nafasi ya kibuyu asubuhi. Mzee huyaita mabadiliko haya ulegevu wa vijana. Lakini mtoto aliyelelewa kwa uji hawezi kulaumiwa kwa kuupenda uji. Ladha ni mazoea, na mazoea hutokana na kilichopatikana. Kanuni zenyewe hazikufa: katika sherehe maziwa na nyama bado vina heshima ambayo ugali haujaipata.

Karatu nayo haikusalimika. Yule ambaye babu yake alikula ugali wa mtama kwa maziwa ya mgando na majani ya porini hupenda sembe nyeupe kuliko dona, kwa sababu weupe umekuwa dalili ya maendeleo. Naye hupoteza pumba zenye manufaa kwa afya. Mkate, maandazi na soda za mjini zimeongezeka pamoja na wageni wa utalii. Makande ya mahindi na maharagwe, chakula bora kwa bei ndogo, huitwa na vijana wengi chakula cha bweni.

Kisa cha Wahadzabe chafunga mfano huu. Katika miaka ya 1964 na 1965 serikali iliwakusanya katika makazi ya Yaeda ili walime na kula nafaka. Wengi waliugua, wakarudi porini. Miaka hamsini baadaye, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2014 na wa 2017, wataalamu walisifu vijidudu vya matumbo yao kwa wingi wa namna zake na jinsi vinavyobadilika kwa majira, wakasema kuwa ulimwengu wa viwanda umepoteza hazina hiyo. Chakula kilichoonwa kuwa cha aibu kimegeuka kuwa cha ajabu. Lakini katika muda huo mashamba, pamoja na yale ya vitunguu ya Mang'ola, na mifugo ya wageni vilikuwa vikila sehemu ya nchi inayotoa mizizi na asali hiyo.

Tangu mwaka wa 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mahali ambapo kilimo kinaruhusiwa. Serikali imesema ni kwa hiari, na wengi wa waliobaki wamepinga neno hilo. Lolote litakalokuwa, watoto wao watakua na chakula kingine na mapenzi mengine ya ulimi, na siku moja wazee wao watawaambia kwamba zamani watu walikuwa watu.

Mwalimu wa lishe afikaye katika nchi hizi ana haki ya kumfundisha mama faida ya mboga, maziwa na dona. Hata hivyo mkono mtupu haulambwi. Kabla ya kumwuliza mama huyo kwa nini mwanawe anakula ugali mtupu, na aulize kwanza nani ana ng'ombe, nani ana shamba, na nani aliyeandika sheria ya kumkataza kupanda mche wa mchicha.