Fidla ya kwaya imeachia ubao? Usikimbilie supaglu

BARIADI. Seremala akiletewa fidla iliyoachia ubao wa juu, mkono unaenda moja kwa moja kwenye gundi nyeupe ya mbao, au supaglu. Ubao unashika kweli, tena kwa nguvu. Shida inakuja siku fidla ikihitaji kufunguliwa tena: kiungo kinagoma, mbao ndiyo inapasuka.

Fundi fidla anatumia gundi inayotokana na ngozi za wanyama, inayopashwa moto na kupakwa ikiwa bado ya moto. Inashika vizuri, lakini ikipitishiwa kisu chembamba na maji kidogo inakubali kuachia. Fidla inaundwa ikijulikana kuwa siku moja itafunguliwa. Ndiyo maana zipo za Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, aliyefariki 1737, ambazo zinapigwa hadi leo.

Gundi hiyo haipendi joto kali. Fidla ikiachwa ndani ya gari juani inaweza kuachia yenyewe, na mwenyewe akadhani imevunjika.

Kijiti kinachoitwa roho

Ubao wa juu ni wa mspurusi, mti wa nchi za baridi unaofanana na msonobari. Mgongo ni wa mti mgumu zaidi uitwao mepo. Mbao hukaushwa kwa miaka kabla ya kuguswa. Ubao wa juu huchongwa mpaka ubaki milimita 3 hivi, huku fundi akiugonga kwa kidole na kuusikiliza. Ukiwa mnene sana sauti inakuwa bubu, ukiwa mwembamba sana unabonyea kwa mkazo wa nyuzi 4.

Ndani kuna kijiti kilichosimama wima kati ya ubao wa juu na mgongo. Hakina gundi, kimebanwa tu, na kikisogea milimita 1 sauti inabadilika. Waitaliano na Wafaransa wanakiita roho. Kikidondoka, legeza nyuzi na ukitunze. Usikitupe!

Miaka mingapi?

Shule ya Mittenwald, Ujerumani, ilianza 1858, na ya Cremona 1938. Mafunzo ya aina hii huchukua miaka 3 hadi 4, na mwanzoni mwanafunzi anashinda akinoa patasi na randa. Akihitimu, bado anakaa chini ya fundi mkubwa kwa miaka kadhaa kabla ya kufungua karakana yake.

Kijana wa Simiyu aliyesoma useremala VETA ana nusu ya kazi mkononi: kunoa, kupiga randa, kujua mbao inapasukia upande gani. Nusu iliyobaki ni sikio, na hilo Usukumani si jambo geni.

Wasukuma na Wanyamwezi wana ndono: upinde, uzi mmoja na kibuyu. Uzi unavutwa kwa kitanzi kinachoshika kibuyu, unagawanyika vipande viwili visivyolingana, kila kimoja na sauti yake. Mpigaji anaugonga kwa kijiti huku akisogeza mdomo wa kibuyu kifuani na kuutoa. Asiyesikia kitanzi kikae wapi atakuwa ametengeneza upinde tu. Kazi hii haina cheti. Anayeijua alikaa karibu na aliyeijua, na mzee akiondoka bila mwanafunzi, vipimo vinaondoka naye.

Kwa Wagogo lipo zeze, ndugu wa karibu zaidi wa fidla kwa sababu nalo linapigwa kwa upinde. Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo 2003, hakuishia kulipiga, alilitengeneza na kuliongezea nyuzi. Familia yake imeendeleza muziki huo. Bagamoyo ndipo pia kilipo Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981, sasa TaSUBa.

Bagamoyo ni mbali kwa mtu wa Bariadi. Karibu zaidi ni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, yaliyoanzishwa na padre Mkanada David Clement, ambako ngoma na vifaa vya Bagika na Bagalu vimehifadhiwa. Panda basi la Mwanza linalopita Lamadi, shuka Kisesa kabla ya kuingia mjini.