Desemba ya Uchagani: Kodi, kahawa na reli vilivyoijenga safari ya ‘kwenda kuhesabiwa’

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, huwa haipitiki. Mabasi ya Moshi, Machame, Marangu na Rombo hujaa siku nyingi kabla. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (Latra) hutoa vibali vya muda ili mabasi ya njia nyingine yaongeze nguvu kaskazini, na malalamiko ya nauli kupandishwa hayakosekani. Wasio Wachaga wana utani wao: jamaa wanakwenda kuhesabiwa. Asiyeonekana mlimani Kilimanjaro siku ya Krismasi, wanasema, jina lake linafutwa kwenye daftari.

Utani huo umezoeleka hata wengi, wakiwamo Wachaga wenyewe, wanaiona safari hii kuwa mila iliyoachwa na mababu. Lakini mababu wa mlimani hawakuwa na Krismasi wala likizo, na wengi wao hawakuwa na haja ya kurudi nyumbani kwa sababu hawakuwa wameondoka. Safari ya Desemba ni ya juzijuzi kwa kipimo cha historia. Imejengwa na mambo yenye tarehe zake: misheni, kodi, kahawa, reli na uhaba wa ardhi. Cha kale ndani yake ni kihamba, na kihamba ndicho kilichoishikilia wakati mengine yote yalipoyumba.

Shamba ambalo pia ni makaburi

Kihamba ni shamba la nyumbani. Nyumba iko katikati na migomba imeizunguka. Chini ya migomba kuna kahawa, magimbi na viazi vikuu. Juu yake imesimama miti mikubwa kama mruka na mringaringa. Ng’ombe wawili watatu wamo zizini wakikatiwa majani, na samadi yao inarudi kwenye migomba. Maji huletwa kwa mifongo, mifereji inayotolewa mbali mtoni, ambayo Wazungu wa kwanza kupanda mlima katika karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliuingiza mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Kihamba ni mahali pa kuzikia pia. Zamani, baada ya muda fulani, fuvu la mzee lilifukuliwa na kuhifadhiwa mgombani kwenye kichaka cha masale. Siku hizi kaburi hujengewa na kuwekwa vigae, lakini bado liko palepale, hatua chache kutoka mlangoni. Ndiyo maana kuuza kihamba si sawa na kuuza kiwanja cha Goba, Dar es Salaam. Anayekiuza anauza na waliolala humo.

Tarehe yaletwa na misheni

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka makazi Kilema, na mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame. Walikuja na kalenda. Kabla yao, ukoo ulikutana pale jambo lilipotokea: mazishi, mahari, ugonjwa usioeleweka, ugomvi wa mpaka. Mbege, pombe ya ndizi, ilipikwa, mnyama akachinjwa, wazee wakanena na waliotangulia.

Misheni ingeweza kuvunja mikutano hiyo, na zipo desturi ilizozipiga vita kweli. Lakini mlimani alikuja pia Bruno Gutmann, mchungaji Mlutheri aliyeishi na Wachaga kwa vipindi kati ya 1902 na 1938 na kuandika kwa kina sheria na desturi zao. Yeye aliamini kwamba ukoo na ujirani ndivyo vinavyofaa kuwa msingi wa kanisa. Kwa hiyo Krismasi haikukuta uwanja mtupu, na haikuwafukuza waliokuwamo. Iliupa ukoo siku moja ambayo kila mtu aliijua mapema.

Kalenda ilifuatwa na kodi: mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya kibanda. Kuanzia hapo kila nyumba ilihitaji fedha taslimu, na fedha ilitafutwa kwa kibarua kwenye mashamba ya walowezi au kwa kupanda zao la kuuza.

Kahawa yaleta fedha mgombani

Zao hilo lilikuwa kahawa. Miche ilianza kwenye mashamba ya misheni, Kilema ikiwa miongoni mwa mahali pa mwanzo, kisha ikaingia vihambani chini ya migomba. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters’ Association, chini ya urais wa Joseph Merinyo na kwa msaada wa ofisa wa Kiingereza, Charles Dundas. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU), ushirika uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vya wakulima wenye nguvu kubwa Afrika.

Mavuno ya kahawa mlimani huanza katikati ya mwaka na kuelekea mwishoni mwake. Krismasi ikawa inakuta nyumba ina fedha. Mabati yalinunuliwa, karo ikalipwa, watoto wakavishwa nguo mpya.

Karo hiyo, pamoja na uhaba wa ardhi, ndiyo iliyowaondoa vijana mlimani. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hutengewa sehemu yake mapema na kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi. Wa katikati walitarajiwa kufyeka vihamba vipya. Lakini juu kulikuwa na msitu wa hifadhi, na chini kulikuwa na mashamba ya walowezi na nyanda kavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta kihamba cha wastani kina hekta 0.68, na hiyo igawanywe kwa wana watano. Wa katikati walichukua cheti cha shule wakashuka: ualimu, ukarani, duka, gereji. Sensa bado inaonyesha mtiririko huo. Kati ya 2012 na 2022 idadi ya watu Tanzania iliongezeka kwa zaidi ya theluthi. Mkoa wa Kilimanjaro ulitoka watu milioni 1.64 hadi milioni 1.86 tu.

Njia ya kurudi

Aliyeondoka alihitaji njia ya kurudia. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini kwa zaidi ya miaka 50 haikuwa na kiungo cha moja kwa moja na Dar es Salaam ndani ya nchi. Kiungo hicho, kati ya Ruvu na Mnyusi, kilikamilika mwaka 1963, na mfanyakazi wa Dar es Salaam akaweza kupanda treni hadi Moshi. Treni ya abiria ilikufa katika miaka ya 1990 na mabasi yakachukua njia nzima: Chalinze, Segera, Korogwe, Same, hadi njia panda ya Himo. Treni ilipofufuliwa, mwezi uliochaguliwa ulikuwa Desemba, mwaka 2019. Mwaka 2023 mabasi nayo yakaruhusiwa tena kusafiri usiku kucha.

Katikati ya karne iliyopita palikuwa na sikukuu nyingine iliyotaka kuwaunganisha Wachaga. Enzi za Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu, Thomas Marealle, aliyeshika cheo hicho kuanzia 1952, walikuwa na bendera, wimbo, gazeti lililoitwa Komkya na Siku ya Wachaga. Marealle aliondolewa kwa kura mwaka 1960, na miaka michache baadaye serikali ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu. Bendera ikakunjwa. Sherehe iliyotegemea kiti cha mangi iliondoka na kiti, ilhali ile iliyofanyikia mgombani haikuhitaji ruhusa ya mtu.

Fedha yabadili njia

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo. Ilirudishwa mwaka 1984, lakini mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya kuuza kahawa ulivunjika na bei zikaporomoka. Wakulima wengi waliiacha mibuni izeeke, wengine wakaing’oa wapande nyanya na maharage.

Hapo ndipo Desemba ilipobadilika. Enzi ya kahawa, fedha ilishuka mlima: mzee aliuza magunia, akamsomesha kijana, akamtafutia nauli ya kwenda mjini. Baada ya kahawa, fedha ilianza kupanda. Aliyeshuka na cheti ndiye anayetarajiwa kurudi na bati la zizi, dawa ya presha ya mama na ada ya mtoto wa kaka. Deni la zamani linalipwa kinyume, na siku ya kulilipa ikawa ileile ambayo misheni iliiweka kwenye kalenda.

Ndiyo sababu kilele cha safari, kwa koo nyingi, si ibada ya tarehe 25. Ni kikao cha ukoo, ambacho mara nyingi hufanyika kati ya Krismasi na mwaka mpya. Mbege huandaliwa siku kadhaa kabla: ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe nyekundu iliyokolea, huachwa zichachuke, huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewa hutiwa kuleta uchungu. Mbuzi huchinjwa, na kila kiungo kina mwenyewe. Mjomba hawezi kupewa nyama ya shemeji likapita hivihivi. Kisusio, supu ya damu, hunywewa kikiwa cha moto, mtori unasubiri ndani.

Kisha meza inawekwa chini ya mti na katibu anafungua daftari. Mahudhurio. Waliofariki mwaka huu. Waliozaliwa. Michango: nani kamaliza, nani anadaiwa. Nani amefaulu kidato cha nne na hana ada. Kaburi la babu linavuja. Mpaka wa kihamba cha chini umesogezwa hatua mbili, na jirani ni ndugu.

Ugomvi kama huo wa mpaka haumalizwi kwa kura. Aliyekosa hutuma jani la sale, ama hulishika mkononi na kulitoa mbele ya watu. Jani hilo linaomba msamaha, na anayeletewa akilikataa, kosa linamhamia yeye. Wapo walionuniana tangu msiba wa mwaka juzi wakapatanishwa kwa jani moja kabla mbege haijaisha. Hesabu ya mwaka kwa watu hawa inagusa mioyo, lakini inaanzia kwenye daftari.

Watakaorithi daftari

Kikao chenyewe kinabadilika. Michango inatumwa kwa simu na ajenda inatangulia kwenye kundi la WhatsApp. Mabinti, ambao kwa desturi hawakurithi kihamba, leo wanachanga sawa na kaka zao, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Anayejenga nyumba ya mama kwa mshahara wake hakubali tena kukaa jikoni wakati mipaka inasomwa. Ipo migongo ya mlima ambako nyumba za ghorofa hufungwa miezi 11 na kulindwa na kijana wa jirani, huku kihamba kilichokuwa kimoja kikiwa vipande vinne vyenye fensi.

Kila kizazi kilidhani nguzo ya mkusanyiko huu ni kitu cha zama zake: mangi, kahawa, treni. Vyote vimeyumba au kuondoka, na mabasi yanaendelea kujaa, kwa sababu mtu anaweza kuishi popote ila ana mahali pamoja pa kuzikwa. Hicho ndicho kipimo cha kuangalia miaka ijayo, kuliko nauli au foleni ya Chalinze. Wajukuu waliozaliwa Tabata na Mbezi, wasiojua Kichaga zaidi ya salamu, wakikubali kwamba kaburi lao liko mgombani, watakata tiketi kama baba zao. Wakianza kuzikwa Kinondoni, kikao kitapungua mtu mmoja mmoja, na hakuna katibu atakayetakiwa kuliandika kama uamuzi.