Ratili Saba

Mzigo wa pamba una ratili 187. Bei ni senti 53 kwa ratili. Mkulima atalipwa shilingi ngapi?

Mtoto wa darasa la nne aliyefundishwa vizuri hahangaiki hapa. Anazidisha 187 kwa 50, anapata 9,350. Anazidisha 187 kwa 3, anapata 561. Anajumlisha: 9,911. Shilingi 99 na senti 11. Sasa tuseme mnunuzi anatazama mizani na kutangaza kwamba imesoma 180. Njia ni ile ile, lakini jibu linakuwa shilingi 95 na senti 40. Kwa ratili saba zilizopotea kati ya sahani ya mizani na mdomo wa karani, mkulima amekosa shilingi 3 na senti 71, na bado ana mizigo mingine tisa inayosubiri kupimwa.

Namba hizo nimezitunga. Ugomvi uliozizunguka sikuutunga. Katika Jimbo la Ziwa la enzi za Waingereza, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza, malalamiko kuhusu mizani ya wanunuzi wa pamba yalikuwa ya kila msimu. Pamba ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa kati, wengi wao wenye asili ya Asia, kabla ya kufika kwenye viwanda vya kuchambulia. Mkulima wa Usukuma alifika na mzigo kichwani au kwenye baiskeli, akasimama upande mmoja wa mizani, na upande wa pili akasimama mtu anayeisoma.

Angalia vizuri mtoto wetu wa darasa la nne anaweza kumsaidia nini baba yake pale. Akiambiwa 180, atatoa jibu sahihi la 180. Hesabu yake haitakuwa na kosa hata moja, na baba yake ataondoka ameibiwa. Zoezi la darasani huanza kwa kumpa mwanafunzi namba iliyokwisha kukubaliwa: mzigo una ratili 187, Juma ana machungwa 12, lori limebeba magunia 40. Kwenye kituo cha kununulia pamba, namba ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa inagombaniwa.

Kuhesabu hakukuletwa na shule. Wasukuma wana bao lao, isolo, na yeyote aliyewahi kukaa karibu na wachezaji wa bao anajua kwamba mchezaji mzuri ameshaona kete ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajanyanyua ya kwanza. Hizo ni hesabu za kichwa, tena za kasi. Shule ilileta maandishi na vipimo vya serikali, na vipimo vyenyewe havikutulia. Chini ya Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka mwaka 1904 ilipogawanywa kuwa heller 100. Wakaja Waingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi yenye senti 100. Fedha ikawa rahisi. Uzito ukabaki na ukaidi wake: wakia 16 kwa ratili, ratili 2,240 kwa tani. Mtu aliyezaliwa Mwanza mwaka 1895 alilazimika kujifunza mara tatu jinsi ya kugawanya fedha ile ile ya mfukoni. Ukisikia wazee wakisema walikaririshwa majedwali kwa fimbo, kumbuka pia wingi wa majedwali yenyewe.

Na wanafunzi walikuwa wachache. Katika miaka ya 1950 elimu ya Mwafrika ilikatwa vipande: miaka minne ya shule ya msingi, kisha mchujo, kisha shule ya kati kwa waliobahatika. Kwa walio wengi hesabu ziliishia darasa la nne, pale pale kwenye kuzidisha namba ya tarakimu tatu kwa ya tarakimu mbili. Kiwango hicho tunakicheka leo, lakini kijijini kilitosha kumfanya mtu awe karani.

Wakulima wenyewe walilielewa jambo hili mapema kuliko maofisa wa elimu. Kabla hawajapata vyama vilivyoandikishwa, katika baadhi ya sehemu za jimbo walijipanga wakaweka wapimaji wao, watu waliojua kusoma na kuandika, wahakiki uzito wa mzigo kabla mnunuzi hajautaja. Mpimaji huyo hakuwa na shahada yoyote. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba 187 haigeuki 180. Kutokana na vuguvugu hilo, na kwa uongozi wa Paul Bomani, ambaye alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, vikakua vyama vya ushirika vya wakulima. Mwaka 1955 viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na kufikia mwisho wa muongo ule ununuzi wa pamba ya ukanda mzima ulikuwa mikononi mwa ushirika. Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Sijui nchi nyingine ambayo waziri wa fedha alianzia siasa zake kwenye ugomvi wa mizani.

Hapa hadithi ingeweza kuishia kwa vigelegele, na ndivyo vitabu vingi vya historia vya shule vinavyoiacha. Lakini ushirika ulihitaji makatibu na makarani wa mizani katika kila chama cha msingi, na ulipowaajiri ukawapata wapi? Walikuwa ni wale wale wahitimu wa darasa la nne na la nane. Mizani ikahama kutoka kwa mfanyabiashara kwenda kwa mtoto wa jirani. Miaka michache baada ya uhuru malalamiko yalirudi yakiwa na sura mpya: katibu anapunja, makato hayaeleweki, stakabadhi haisomeki. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na shirikisho lile kubwa la Mwanza halikupona. Nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Co-operative Union. Mimi nasoma tukio hilo kama somo la hesabu pia. Kijiji chenye watu wanne wanaojua kuzidisha kimewapa watu hao wanne madaraka, watake wasitake.

Jibu lililofuata lilikuwa kuwafundisha wengine waliobaki. Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, makao yake Mwanza, ukihudumia mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Vitabu vyake viliandikwa kwa kufuata kazi ya msomaji: pamba, ndizi, uvuvi, mifugo, malezi ya nyumbani. Kusoma, kuandika na kuhesabu vilifungwa pamoja na kazi ya mikono, ili mkulima ajifunze namba zile zile anazokutana nazo shambani na sokoni.

Wakati huo huo, ng'ambo ya ziwa, watoto walikuwa wanaandaliwa jambo tofauti kabisa. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, chini ya shirika la Educational Services Incorporated la Massachusetts. Vilijulikana kwa jina la mji ule. Vilitaka mtoto aanze na seti, aelewe namba ni nini kabla ya kukimbilia kujumlisha. Nia ilikuwa nzuri, na wanaovidharau leo mara nyingi hawajawahi kukaa na mtoto anayeimba jedwali la saba bila kujua kwamba 7 mara 8 ni safu saba za vitu vinane. Hata hivyo nikiviweka vitabu vya Entebbe kando ya vile vya Mwanza, vyote kutoka ufukwe wa ziwa moja, vyote vya muongo mmoja, naona mtu mzima alipewa hesabu za mizani na mtoto wake akapewa seti. Nchini Kenya Rais Moi aliiondoa hisabati hiyo mpya mwaka 1981.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, nalo la mji wa ziwani. TANU iliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe Novemba 1977. Walimu wakapatikana kwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha kazi huku wakiwa tayari kazini. Mwalimu wa UPE amekuwa kichekesho katika mazungumzo yetu, jambo ambalo naliona ni utovu wa shukrani. Alikabidhiwa watoto wengi kuliko madawati, akawahesabisha kwa vizibo vya soda, vijiti na mawe. Kukariri kwa sauti, darasa zima kwa pamoja, kulikuwa njia pekee ya kumfikia aliyekaa nyuma.

Tangu hapo kengele zimelia mara kadhaa. Kuanzia mwaka 2010 Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, na matokeo yakaitia nchi aibu. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa ukabaki na KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu.

Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi dagaa wanapouzwa, uone kipimo ni nini. Kuna ndoo. Kuna sado, ambayo ilirithi jina kutoka kwa kopo la rangi. Ukipita masoko ya mazao utakutana na lumbesa, gunia lililoongezwa shingo mpaka likawa gunia na nusu kwa bei ya gunia, ambayo Wakala wa Vipimo wanaipiga vita mwaka hadi mwaka. Kwa upande wa pamba, vyama vya msingi vingi sasa vina mizani ya kidijitali. Kioo chake kinatoa kilo na nukta, na mkulima anaambiwa mashine haidanganyi.

Kuna zoezi ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha darasa la nne, na halihitaji fedha. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pima dumu tupu la lita 20, andika uzito wake. Lijaze maji mpaka alama ya lita 20, lipandishe tena kwenye mizani, toa uzito wa dumu. Baki iwe 20. Ikiwa 19, mzigo wa pamba wenye kilo 85 utaandikwa karibu kilo 81, na mwanafunzi aendelee kuanzia hapo kwa bei ya msimu huu.