Habari za Redio ya Sufuria na Kuihuisha Tena

Watu wakisimulia habari za simu ya upepo humtaja Marconi na wenziwe, wakakisahau chombo kidogo kilichoiingiza sauti ile nyumbani mwa mtu wa mshahara mdogo. Sisi twataka kusema habari za chombo hicho.

Mwaka 1941, wakati wa vita, serikali ya Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia tangu 1964, ilianzisha kituo cha kutangaza huko Lusaka. Maneno yakawako, bali masikio yalikuwa machache, maana redio za dukani zilikuwa ghali mno. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, akahangaika miaka kadhaa akitafuta mtengenezaji, hata kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikakubali. Bweta la kwanza lilikuwa sufuria ya alumini iliyoondolewa mpini! Mwaka 1949 zikaanza kuuzwa, zimepakwa rangi ya buluu, kwa pauni 5 mbali na betri, na betri moja ilidumu saa 300 hivi. Watu wakasikiliza Kibemba, Kinyanja, Kitonga na Kilozi nyumbani mwao.

Ndani yake mna valvu 4, ndizo chupa ndogo za kioo zilizotolewa hewa. Asili ya valvu ni Fleming, Mwingereza, mwaka 1904. Naye de Forest wa Marekani mwaka 1906 akatia wavu wa waya katikati, na kwa huo sauti dhaifu ikapata kukuzwa. Kisha ikaja transista, iliyovumbuliwa 1947, nayo baada ya miaka michache ikazisukuma valvu ghalani.

Basi mtu aipatapo redio hiyo leo, hutamani kuitia umeme papo hapo, asikie kama i hai. Twamsihi asifanye hivyo. Valvu hizi hutaka nguvu mbili: volti 1.5 za kuupasha moto uzi wa ndani, na nyingine kubwa, karibu volti 90. Uzi ule ni mwembamba mno. Waya wa volti 90 ukiugusa mara moja tu, valvu zaweza kuungua zote pamoja, na viwanda vilivyozifanya viliacha zamani.

Kwanza vumbi lifutwe kwa brashi, na miguu ya valvu isuguliwe kutu. Kisha zipimwe kapasita za karatasi, kwa kuwa zimeingia unyevu na kuvujisha umeme. Ya kuogopwa kuliko zote ni ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho. Ikivuja, huiharibu valvu hiyo. Betri ya asili haipatikani. Wengine huunga betri 10 za volti 9 mfululizo.

Hapa mafundi hawapatani. Wengine huzitupa kapasita kuukuu. Wengine huzitoboa, wakaficha mpya ndani ya ganda la zamani na kuziba kwa nta. Sisi twawasifu hawa wa pili kwa subira yao. Lakini rangi ya buluu iliyochubuka isipakwe upya, maana ni alama ya mikono iliyoibeba.

Ikisha kuamka, sindano yake hupita penye kimya kingi. Kwa hiyo mafundi wengine huweka chumbani kimtambo kidogo cha kurushia mawimbi, wakaisikilizisha nyimbo za Alick Nkhata, aliyekuwa mtangazaji wa kituo kile cha Lusaka.