Benchi la Harare na Istilahi za Sonona

Katika kuunda istilahi za tiba ya nafsi, aghalabu sisi huanza na kamusi za Ulaya, ndipo tukatafuta visawe. Historia tunayoieleza hapa ilianzia upande mwingine, yaani vinywani mwa wagonjwa wenyewe.

Mwaka 2005 Serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda mijini katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Ripoti ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na Mtanzania Anna Tibaijuka, ilikadiria kuwa watu wapatao 700,000 walipoteza makao, riziki, au vyote viwili. Katika mtaa wa Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alitakiwa kuwasaidia walioelemewa, lakini hakupewa chumba wala wauguzi. Alichopata mwaka 2006 ni mabibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaani, na nafasi ya kuketi nje ya zahanati.

Mwanzoni benchi hilo liliitwa la afya ya akili. Mabibi walimwonya kwamba watu hawatakubali kuonekana wamelikalia. Likaitwa Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri. Twaomba msomaji atue hapa kidogo: tiba ilibaki ile ile, kilichobadilika ni jina, na jina ndilo lililomwezesha mgonjwa kuja.

Ugonjwa nao uliitwa kufungisisa. Katika Kishona kufunga ni kuwaza, na kiambishi -isisa huonyesha kuzidi mno; basi ni kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2013 neno hilo liliorodheshwa katika toleo la tano la mwongozo wa Wamarekani wa kuainisha magonjwa ya akili. Si maneno mengi ya Kibantu yaliyofika huko.

Tiba ilikuwa na hatua tatu: kuvhura pfungwa, kufungua mawazo, kusimudzira, kuinua, na kusimbisa, kutia nguvu (msomaji asimtafute simba wa porini humo, kwani kwa Kishona simba ni nguvu). Mgonjwa hutaja shida zake, huchagua moja, kisha hutafuta mwenyewe njia ya kuitatua. Kazi ya bibi ni kusikiliza na kuuliza. Baadaye hualikwa katika kikundi cha Kubatana Tose, yaani tushikamane sote, ambako wanawake hufuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika huku wakizungumza. Hapo tiba huvuka mpaka wa kuondoa maradhi, kwa kuwa mtu hupata kazi ya mikono na wenzi wa kumjulia hali. Jaribio la benchi lililofanywa katika zahanati 24 kwa wagonjwa 573, na kutangazwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa baada ya miezi 6 asilimia 14 ya waliokalia benchi walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao.

Tuje sasa kwetu. Kwa jina la ugonjwa, sonona yatosha: ni kitenzi cha zamani cha kuumia moyoni, nacho hakimtii mtu katika kundi la wenye wazimu. Lakini daktari asisahau kwamba mgonjwa atamwambia tu kuwa ana mawazo, na kauli hiyo ni jirani wa karibu wa kufungisisa.

Kwa jina la tiba tuna shaka zaidi. Ushauri nasaha ni maneno mawili yenye maana moja, na yote mawili humweka mjuzi juu na mhitaji chini. Lugha yetu inalo neno mashauriano, ambalo kwa kiambishi chake cha kutendana lalingana kabisa na kupana kwa Washona. Twapendekeza tiba ya mashauriano.

Linabaki lengo lenyewe. Ustawi umezoeleka mno katika ustawi wa jamii, hata wengi wakilisikia huwaza ofisi na fomu. Hata hivyo mkulima angali akisema mahindi yamestawi, wala hasemi hivyo kwa sababu tu wadudu wameondoka. Kwa maana hiyo ya shambani twapendekeza ustawi wa nafsi. Ila kabla ya kusanifishwa, maneno haya yapelekwe kwanza kwenye mabaraza ya zahanati, yasikilizwe na wale watakaotibiwa kwayo.