Relicanth

Relicanth ni kiumbe wa kubuniwa katika mfululizo wa michezo ya video ya Pokémon kutoka Japani. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2002 katika matoleo ya Pokémon Ruby na Pokémon Sapphire, na katika orodha ya viumbe wote wa mfululizo huo ana namba 369. Ni wa aina mbili kwa pamoja, Maji na Mwamba. Habadiliki kuwa kiumbe kingine, na hakuna kiumbe anayebadilika kuwa yeye.

Umbo lake limetokana na silikanti, samaki wa kale anayeishi katika maji yenye kina kirefu ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya pwani ya Tanzania, Kenya na Komoro. Makala hii inaeleza jinsi Relicanth anavyopatikana, nguvu na udhaifu wake, mbinu za kumtumia vitani, na uhusiano wake na samaki halisi.

Jina na umbo

Jina Relicanth limeunganishwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza: moja lenye maana ya masalia ya kale, na jingine ambalo ni jina la silikanti. Katika matoleo ya Kijapani huitwa Jīransu. Mchezo unampa urefu wa mita 1 na uzito wa kilogramu 23.4. Magamba yake ni magumu kama mawe yaliyochongoka, na maelezo ya mchezo yanasema aligunduliwa wakati wa uchunguzi wa kina cha bahari, akiwa hajabadilika umbo kwa miaka milioni 100.

Upatikanaji

Katika Ruby na Sapphire, Relicanth ni miongoni mwa viumbe adimu. Hupatikana chini ya bahari tu, katika Njia ya 124 na ya 126, baada ya mchezaji kupata uwezo wa kupiga mbizi. Huko uwezekano wa kukutana naye ni asilimia 5. Mara nyingi zaidi mchezaji hukutana na Clamperl au Chinchou. Hata akipatikana, si rahisi kumnasa: kiwango chake cha kunaswa ni 25 tu kati ya 255. Mpira unaofaa zaidi ni Dive Ball, kwa kuwa nguvu yake huongezeka mara 3.5 unapotumika chini ya maji.

Katika matoleo hayo Relicanth ana kazi nyingine nje ya vita. Ni mmoja wa viumbe wawili wanaohitajika kufungua mapango ya Regirock, Regice na Registeel. Mchezaji huingia katika chumba kilichofichwa chini ya bahari na kusoma maandishi ya nukta nundu yaliyochongwa ukutani. Katika Ruby na Sapphire, Relicanth anapaswa kuwa wa kwanza katika kikosi na Wailord awe wa mwisho. Katika Pokémon Emerald mpangilio huo umegeuzwa.

Takwimu za msingi

Nguvu ya kila Pokémon hupimwa kwa takwimu sita. Za Relicanth ni hizi:

- Uhai: 100
- Shambulio: 90
- Ulinzi: 130
- Shambulio maalumu: 45
- Ulinzi maalumu: 65
- Kasi: 55

Jumla ni 485. Takwimu hizi zinaonyesha kiumbe anayestahimili vizuri mapigo ya mwili, anayeumizwa kwa urahisi zaidi na mapigo maalumu, na anayechelewa kutenda katika zamu. Shambulio la 90 ni la wastani. Likitazamwa peke yake, halielezi kwa nini Relicanth anaogopwa. Sababu hiyo iko katika kipaji chake.

Vipaji

Kila Pokémon huwa na kipaji kimoja kwa wakati mmoja. Relicanth anaweza kuwa na kimoja kati ya vitatu vifuatavyo:

- Rock Head: humlinda asiumizwe na mapigo yanayomrudishia madhara mwenye kupiga.
- Swift Swim: huongeza kasi yake mara mbili mvua inaponyesha katika uwanja wa vita.
- Sturdy: akiwa na uhai kamili, pigo moja haliwezi kumwangusha, hubaki na pointi 1. Hiki ni kipaji kilichofichwa, na hakipatikani kwa njia za kawaida.

Kuchagua kipaji ndiyo hatua ya kwanza ya kumwandaa, kwa sababu kila kimoja kinadai mbinu tofauti. Tangu Pokémon X na Y za mwaka 2013 kuna kifaa kiitwacho Ability Capsule kinachoweza kubadilisha Rock Head kuwa Swift Swim, au kinyume chake.

Pigo la Head Smash

Katika kizazi cha tatu, yaani Ruby, Sapphire na Emerald, mapigo yote ya aina ya Maji yalihesabiwa kuwa mapigo maalumu. Kwa hiyo Relicanth alipiga maji kwa kutumia shambulio maalumu la 45, na matokeo yake yalikuwa dhaifu. Rock Head ilimfaa hasa kwa pigo la Double-Edge, ambalo si la Maji wala la Mwamba.

Mambo mawili yalibadilika mwaka 2006, zilipotoka Diamond na Pearl. Kwanza, kila pigo lilianza kuhesabiwa peke yake kuwa la mwili au maalumu, na pigo la maji la Waterfall likawa la mwili. Pili, likaja pigo jipya la Mwamba liitwalo Head Smash, lenye nguvu ya 150.

Head Smash lina gharama kubwa: kwa kawaida mwenye kupiga hupoteza nusu ya madhara aliyoyasababisha. Tuseme Relicanth wa kiwango cha 100 ana uhai wa pointi 341. Akimwondolea mpinzani pointi 300, naye atapoteza 150, na pigo la tatu la namna hiyo litamwua mwenyewe. Akiwa na Rock Head, hapotezi hata pointi moja.

Aidha, pigo la aina moja na kiumbe anayelitumia huongezeka nguvu kwa nusu. Hivyo Head Smash la Relicanth huhesabiwa kama 225, wakati Waterfall, lenye nguvu ya 80, huhesabiwa kama 120. Upungufu uliobaki ni usahihi, kwani Head Smash hulenga kwa asilimia 80 tu. Uwezekano wa kupatia mara mbili mfululizo ni asilimia 64, na mchezaji anayeweka ushindi wake wote katika pigo moja la mwisho ajue kwamba mara moja kati ya tano litakosa.

Mbinu za vita

Kuna mbinu tatu zinazotumika zaidi.

Mshambuliaji mwenye kasi. Relicanth mwenye Rock Head huanza kwa kutumia Rock Polish, inayoongeza kasi yake mara mbili, kisha hupiga. Katika kiwango cha 100 kasi yake ya juu kabisa ni 229. Baada ya Rock Polish moja hufika 458, na humpita hata Jolteon, ambaye kasi yake ya juu ya kawaida ni 394. Hatari iko katika zamu ile ya kujiandaa, kwa kuwa mpinzani hupata nafasi ya kupiga bila kujibiwa. Mchezaji hutafuta basi wakati ambapo aliye mbele yake hawezi kumdhuru sana, kwa mfano kiumbe wa Moto anayetegemea mapigo ya Moto.

Mapigo yake hugawanywa hivi: Head Smash kwa wapinzani wengi, Waterfall kwa viumbe wa Ardhi wanaostahimili mwamba, na Earthquake kwa viumbe wa Chuma.

Mpigaji wa papo hapo. Hapa Relicanth hushika Choice Band, kifaa kinachoongeza shambulio kwa nusu lakini kinachomlazimu kurudia pigo lile lile hadi atolewe uwanjani. Hahitaji zamu ya kujiandaa, ila hubaki mwenye kasi ndogo. Mbinu hii hufaa dhidi ya vikosi vyenye viumbe wazito. Kosa la kawaida ni kupiga Head Smash wakati mpinzani bado ana kiumbe wa Chuma anayeweza kuingia bila hofu.

Mfungua njia. Relicanth mwenye Sturdy hutangulizwa mwanzoni mwa pambano. Hutandaza Stealth Rock, mawe yanayomuumiza kila mpinzani anayeingia uwanjani, kisha hutumia Yawn, inayomfanya mpinzani alale mwishoni mwa zamu inayofuata. Mpinzani hubaki na njia mbili, alale au abadilishwe, na anayeingia badala yake huumizwa na mawe. Sturdy humhakikishia kwamba hataangushwa kwa pigo moja kabla ya kutandaza mawe.

Swift Swim hutumika katika vikosi vya mvua. Mvua huongeza kasi yake na pia nguvu ya Waterfall, lakini katika mbinu hii Head Smash humrudishia madhara kama kawaida.

Udhaifu na namna ya kumshinda

Mapigo ya Majani humuumiza Relicanth mara nne, kwa kuwa Maji na Mwamba zote mbili hushindwa na Majani. Mapigo ya Umeme, Ardhi na Mapambano humuumiza mara mbili. Kwa upande mwingine, mapigo ya Moto hupungua hadi robo, na ya Kawaida, Anga, Barafu na Sumu hupungua hadi nusu.

Njia ya hakika ya kumshinda ni kumkabili kwa pigo maalumu la Majani, kwa maana hapo udhaifu wake mkubwa hukutana na ulinzi wake mdogo. Ferrothorn, ambaye ni wa Majani na Chuma, ni mpinzani mgumu kwake: Head Smash na Waterfall humdhuru nusu tu, naye hujibu kwa mapigo ya Majani.

Mwenye Relicanth hujikinga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumpa tunda la Rindo Berry, linalopunguza kwa nusu pigo moja la Majani kisha likaisha. Ya pili, iliyo bora zaidi, ni kumpangia mwenzake anayefaa. Crobat hupunguza mapigo ya Majani na ya Mapambano hadi robo, na mapigo ya Ardhi hayamgusi kabisa. Relicanth naye humsaidia Crobat kwa kupokea mapigo ya Barafu. Umeme huwadhuru wote wawili, hivyo kikosi kinahitaji pia kiumbe wa Ardhi.

Silikanti halisi

Wanasayansi walidhani kwamba silikanti walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, hadi Desemba 1938, alipovuliwa mmoja karibu na mdomo wa mto Chalumna, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, alitambua kwamba samaki huyo si wa kawaida. Mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith alimpa jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima yake na ya mto huo. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952.

Nchini Kenya silikanti alinaswa Malindi mwaka 2001, na Tanzania mwaka 2003 huko Songo Mnara, wilayani Kilwa. Baadaye wengine wengi walinaswa Tanga, hasa katika nyavu za jarife zinazotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Samaki huyu anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2, na kwa hiyo ni mkubwa kuliko Relicanth. Mchana hupumzika katika mapango ya chini ya bahari, na usiku hutoka kutafuta chakula. Huzaa watoto hai, hukua polepole sana, na anaaminika kuishi karibu miaka 100. Kwa sababu hiyo idadi yake hairudi haraka ikipungua, na amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini sana kutoweka. Magamba yake magumu hayamsaidii mbele ya jarife.

Relicanth katika Pokémon GO

Katika Pokémon GO, mchezo wa simu unaotumia mahali halisi alipo mchezaji, baadhi ya viumbe huonekana katika maeneo fulani tu ya dunia. Relicanth amepangiwa New Zealand na visiwa jirani. Kwa hiyo mchezaji aliyeko Kiberege katika bonde la Kilombero, au hata yule anayesimama ufukweni Tanga au Kilwa, hamkuti porini katika mchezo huo. Hulazimika kubadilishana na mchezaji aliyempata. Silikanti mwenyewe, hata hivyo, yumo katika bahari iliyo mbele ya Tanga na Kilwa.