Deki ya kaka, boksi langu na historia ya adapta

Najua nimepotea. Mitihani ilibana, halafu nikaenda nyumbani Buhigwe, na huko mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Sasa nimerudi kampasi, wenzangu chumbani wamelala, chai iko mezani. Leo nawapa historia kidogo pamoja na aibu yangu.

Tuanze na kaka. Kabla Buhigwe haijamegwa kutoka Kasulu na kuwa wilaya mwaka 2012, kaka alishafungua kibanda cha gemu: PS2 moja ya mtumba, jenereta dogo na TV ya chogo. Shida ikawa moja. PS2 inatoa picha na sauti kwa nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu. TV ya kaka ilikuwa na tundu moja tu nyuma, la antena. Basi, mtaji wote umekaa pale unaangaliana!

Akaja fundi redio, akauliza, "Deki ya video unayo?" Ilikuwepo, ila ilikuwa haichezi kanda tena. Fundi akachomeka nyaya za PS2 kwenye deki, akatoa waya wa antena kutoka deki mpaka TV, akaanza kutafuta chaneli taratibu... picha hiyo! Ndani ya deki kuna kisanduku cha chuma kinachochukua picha na sauti na kuvipandisha kwenye wimbi la redio, kama kituo kidogo cha televisheni. TV ikadhani imeshika stesheni. Na kumbukeni, Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu 1973, sisi Bara vituo vya kwanza vikaanza kurusha 1994. Kwetu kaka akawa na "kituo" chake kibandani! Pesa ya kibanda kile ndiyo iliyonisomesha sekondari.

Sasa tuje kwenye miwani ya uhalisia pepe, wengi tunaiita VR. Watu wanadhani ni kitu cha juzi. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, akiwa Harvard, alionyesha chombo cha kuvaa kichwani, kizito kiasi kwamba kilining'inizwa darini. Picha zake zilikuwa mistari mitupu, lakini ukigeuza shingo, nazo zinageuka. Mwaka 1995 Nintendo wakatoa Virtual Boy, picha nyekundu tupu, haikufuata kichwa, haikudumu sokoni. Mwaka 2012 kijana Palmer Luckey alikuwa na miwani aliyoiunda mwenyewe nyumbani kwao, na John Carmack akaionyesha kwenye maonyesho ya gemu ya E3 ikiwa imeshikiliwa na utepe wa gundi. Miaka miwili baadaye Facebook wakakubali kuinunua kampuni ya Luckey, Oculus, kwa dola bilioni 2. Mwaka huohuo wa 2014 Google wakaleta Cardboard: boksi, lenzi mbili, na simu yako. Hapo ndipo mimi masikini nikaona mlango!

Kaka siku hizi ana PS4, na tangu Kigoma ilipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, jenereta limepumzika. Sony waliuza miwani yao ya PS4 kuanzia Oktoba 2016, lakini bei yake inameza bumu langu lote. Nikasema nitaunda adapta. Nikakata boksi la biskuti, nikapachika lenzi, nikanunua kifaa kidogo cha kunasa picha ya HDMI na kuipeleka kwenye simu kwa waya. Kwenye PS4 nikazima ule ulinzi wa HDCP, maana ukiwaka kifaa kinaona giza tu. Programu ya simu ikagawa picha mara mbili, jicho la kulia na la kushoto.

Ikawaka jamani! Nilipiga kelele mpaka bibi akatoka nje kuuliza nani kafariki.

Kaka hakusubiri. Akaandika ubaoni kwa chaki: INGIA NDANI YA GEMU, SH. 500. Mchezo wa kawaida ni mia mbili. Watoto wakapanga foleni kabla jua halijazama. Wa kwanza akavaa, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akasema, "Mbona naona TV ileile, imesogezwa puani tu?"

Kimya.

Alikuwa sahihi. PS4 ilikuwa inachora picha moja, ya TV. Mimi niliigawa tu. Miwani ya Sony ina taa tisa ambazo kamera inazifuata, mashine inajua kichwa kimeelekea wapi na inachora picha mbili tofauti, moja kwa kila jicho. Waya wangu ulibeba picha, haukubeba shingo. Deki ya kaka ilifaulu kwa sababu PS2 na TV vyote vilikuwa na picha ya aina moja, njia tu ndiyo iliyokosekana. Ni kama Muha na Mrundi wakikutana sokoni Manyovu, kila mtu anaongea chake na mihogo inauzwa. Mimi nilitaka mkalimani aseme maneno ambayo hayakutamkwa. Sutherland alikuwa na shingo tangu 1968, mimi nikaanza na lenzi!

Nikamwambia kaka ukweli, tena mbele ya watoto. Hela za watu watano zilishaingia mfukoni. Angeweza kusema "ndivyo ilivyo" na kesho wangerudi wengine. Akarudisha zote, akafuta ubao kwa mkono, akaniambia, "Mdogo wangu, kibanda hiki kimekusomesha kwa sababu mtu akilipa mia mbili anapata ya mia mbili."

Sikulala vizuri siku ile. Boksi nimelirudisha nalo hapa bwenini. Simu yenyewe ina kifaa cha kuhisi kichwa kinavyogeuka, kwa hiyo likizo ijayo naanzia hapo, kwenye shingo. Mwenye ujuzi wa programu anione, chai ipo.

Tuko pamoja!